Ugaidi wa kimataifa: serikali zinapambanaje na kitu ambacho hazijakubaliana maana yake?

Hapa Mwanza ukitaja MV Bukoba, mtu anakutajia ndugu yake aliyekuwamo. Meli ile ilizama Ziwa Victoria Mei 21, 1996 ikitokea Bukoba, ikiwa imejaza watu kupita uwezo wake wa abiria 430. Makaburi ya pamoja ya Igoma yapo mpaka leo, na kila mwaka watu huenda kuomba dua pale. Kisichosimuliwa sana ni kwamba miongoni mwa waliozama alikuwamo Abu Ubaidah al-Banshiri, Mmisri aliyewahi kuwa askari polisi kwao, ambaye wakati huo ndiye alikuwa kamanda wa kijeshi wa mtandao wa kigaidi wa al-Qaida.

Alikuwa akiishi na kusafiri Afrika Mashariki kwa jina jingine. Abiria wa daraja la tatu hata hawakuorodheshwa, na waliokuwa wakiopoa miili walitafuta wazazi, watoto na wafanyabiashara wa ndizi. Nani angepata wazo la kuuliza kama kuna marehemu mwenye majina mawili? Hata al-Qaida wenyewe ilibidi watume watu ziwani kuhakikisha kama kamanda wao amekufa kweli. Mmoja wao alikuwa Fazul Abdullah Mohammed, kijana wa Komoro aliyejulikana zaidi kwa jina la Harun. Mwenzake, Wadih el-Hage, alikuwa raia wa Marekani mzaliwa wa Lebanon, makazi yake Nairobi. Miaka miwili baadaye, Agosti 7, 1998, mabomu ya mtandao huohuo yalilipuka kwenye balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam karibu kwa wakati mmoja. Walikufa watu 224: Nairobi 213 na Dar es Salaam 11. Wengi mno kati yao walikuwa Waafrika waliokwenda kazini.

Tangu hapo tumezoea kusikia kwamba "jumuiya ya kimataifa inashirikiana kupambana na ugaidi". Inashirikiana vipi hasa? Nani anampa nani nini? Na mbona mara nyingine ushirikiano huo unakamata mtu sahihi, mara nyingine unamnasa mtu ambaye kosa lake ni jina tu, au siasa? Jibu langu ni kwamba serikali hazijawahi kukubaliana ugaidi kwa ujumla wake ni nini. Zimekubaliana matendo fulani hayavumiliki, na kazi yote iliyobaki inasimama au kuanguka kwenye vitu vya ofisini: jina, pasipoti, muamala, na faili la ushahidi linaloweza kufunguliwa mbele ya hakimu.

Tuanzie kwenye maana, maana bila hiyo mengine hayaeleweki.

Wavuvi wa visiwa vya Ukerewe na Sengerema wanaijua hofu. Mko kina kirefu usiku, taa za dagaa zinawaka, mara boti isiyo na taa inawasogelea. Wenye silaha wanang'oa injini, wanazoa nyavu na mabondo, na ukileta ubishi unatupwa majini. Tukio moja la namna hiyo linatosha kuzuia kambi nzima kuingia ziwani kwa siku kadhaa, na tajiri wa mtumbwi anahesabu hasara ya mamilioni. Silaha imetumika, watu wametishwa, pengine injini imeshavushwa na kuuzwa nchi ya pili. Hata hivyo mwendesha mashtaka ataandika unyang'anyi wa kutumia silaha, na atakuwa sahihi. Aliyekuja kuchukua injini anataka injini. Akishaipata hana ujumbe kwa mtu yeyote, na angefurahi zaidi kama habari yake isingetangazwa popote.

Gaidi anataka itangazwe. Anayekufa kwenye basi au sokoni mara nyingi hajulikani hata na aliyemuua. Kifo chake kinatumiwa kuwafikia walio hai, ili umma uogope au serikali ilazimike kufanya jambo au kuliacha. Mauaji ya watu wenye ualbino yalitia hofu Kanda ya Ziwa nzima kwa miaka, lakini nyuma yake kulikuwa na waganga na tamaa ya utajiri. Hakukuwa na anayeidai serikali chochote. Kwa hiyo hofu peke yake haitoshi. Azimio namba 1566 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la mwaka 2004, linaelekea huko huko: matendo ya jinai, yakiwamo ya dhidi ya raia, yanayokusudiwa kuua au kujeruhi vibaya au kuteka watu, kwa lengo la kuutisha umma au kuilazimisha serikali au shirika la kimataifa. Ugaidi unakuwa wa kimataifa pale mhusika, fedha, mpango au wahanga wanapovuka mpaka.

Hapo karibu kila nchi inaitikia. Ugomvi unaanza ukiuliza: na kama anayefanya hivyo anapigania uhuru wa nchi yake? Na kama anayefanya ni jeshi la serikali?

Mtanzania hana haja ya kwenda mbali kuelewa kwa nini swali hilo ni gumu. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikaa Dar es Salaam tangu 1963, na vyama vya ukombozi vilikuwa na ofisi na kambi katika nchi hii. Wareno waliwaita wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, magaidi. Margaret Thatcher mwaka 1987 alikiita ANC cha Afrika Kusini chama cha kigaidi cha kawaida kabisa, na Nelson Mandela alibaki kwenye orodha ya Marekani ya watu wa kuchunguzwa kwa ugaidi hadi 2008, miaka tisa baada ya kustaafu urais. Wakati huohuo, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam Februari 3, 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kifurushi cha posta. Ukiwasomea watu wa rika la wazazi wangu orodha hiyo na kuwauliza nani hapo ni gaidi, jibu lao halitalingana na lile lililokuwa likitolewa Lisbon au London.

Ndiyo maana mkataba wa OAU dhidi ya ugaidi, uliopitishwa Algiers Julai 1999, unasema wazi kwamba mapambano ya watu ya kujikomboa kwa mujibu wa sheria ya kimataifa hayahesabiwi kuwa ugaidi. Kwa upande wa Umoja wa Mataifa, India ilipeleka rasimu ya mkataba mmoja wa jumla mwaka 1996. Rasimu hiyo imepigwa danadana tangu wakati huo kwenye Kamati ya Sita ya Baraza Kuu, na inakwama palepale: wapigania uhuru na majeshi ya serikali. Wapo wanaoona huo ni uzembe wa wanadiplomasia. Mimi sioni hivyo. Maana iliyolegea ikishapitishwa, wa kwanza kuitumia watakuwa watawala wenye wapinzani wanaowasumbua.

Kushindwa huko si kwa jana. Mwaka 1934 Mfalme Alexander wa Yugoslavia aliuawa Marseille, na Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, likaandika mkataba wa kuzuia na kuadhibu ugaidi mwaka 1937. India peke yake ndiyo iliyouridhia, na haukuwahi kuanza kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanasheria wakabadili njia. Badala ya kubishana juu ya neno, wakaanza kushughulikia tendo mojamoja: makosa ndani ya ndege mwaka 1963, utekaji wa ndege mwaka 1970, kuwadhuru wanadiplomasia 1973, kuteka watu mateka 1979, mabomu kwenye maeneo ya umma 1997, kufadhili ugaidi 1999, ugaidi wa nyuklia 2005. Leo kuna mikataba na itifaki 19 ya namna hiyo. Ukilipua soko, mkataba hauulizi wewe ni mpigania uhuru wa wapi. Unauliza kama umelipua soko.

Ndani ya mikataba hiyo kuna kanuni moja ambayo nadhani ndiyo mafanikio makubwa kuliko yote: nchi ikimkuta mtuhumiwa katika ardhi yake, ama imkabidhi kwa nchi inayomtaka, ama imshtaki yenyewe. Hakuna njia ya tatu ya kumwachia aende zake. Kabla ya hapo mtekaji wa ndege alikuwa na uwezo wa kutua kwenye nchi isiyo na ugomvi naye na kuishi kama mgeni.

Mikataba ina udhaifu wake: nchi isiyotaka haijiungi. Siku majengo ya New York yaliposhambuliwa, Septemba 11, 2001, ule mkataba wa 1999 wa kuzuia ufadhili ulikuwa umeridhiwa na nchi nne tu duniani, Botswana, Sri Lanka, Uingereza na Uzbekistan. Baraza la Usalama halikusubiri tena. Septemba 28, 2001 likapitisha azimio namba 1373, likitumia mamlaka yake ya kuzibana nchi zote, ziwe zimejiunga na mkataba au la. Kila nchi ilitakiwa kufanya ufadhili wa ugaidi kuwa kosa la jinai, kufungia mali bila kuchelewa, kunyima maficho, kukaza mipaka na kupeana taarifa, kisha ipeleke ripoti New York. Tanzania ilipitisha Sheria ya Kuzuia Ugaidi mwaka 2002, na nchi nyingi za Afrika zilitunga za kwao katika miaka hiyo.

Azimio hilo halikusema ugaidi ni nini. Kila bunge likajaza nafasi hiyo kwa kalamu yake. Tutarudi hapo.

Jina, pasipoti na muamala

Mwananchi wa kawaida anakutana na vita hii bila kujua. Alama ya kidole uliyoweka ili kusajili laini ya simu na namba ya NIDA anayokudai wakala vina sababu zake nyingi, wizi wa mtandaoni ukiwamo. Moja ya sababu hizo ni kwamba mtandao wa kigaidi unaishi kwa majina ya bandia. Harun, yule aliyekuja ziwani kumtafuta kamanda wake, alitafutwa kwa miaka 13 tangu mabomu ya 1998, na zawadi ya mamilioni ya dola ikiwa imetangazwa juu ya kichwa chake. Aliuawa Juni 2011 kwenye kizuizi cha barabarani Mogadishu na askari wa Somalia ambao hawakumjua. Alikuwa na pasipoti ya Afrika Kusini yenye jina la kizungu. Walimzika, na ndipo baadaye ikabidi mwili ufukuliwe na vinasaba vipimwe ili dunia ijue nani kafa.

Kwa kazi hii ya majina, nchi zinategemea Interpol, yenye makao yake Lyon, Ufaransa, na wanachama 196. Watu wengi wanadhani Interpol ina askari wake wanaozunguka wakikamata watu. Haina. Ina mfumo wa mawasiliano na hifadhi za taarifa: pasipoti zilizoibwa, alama za vidole, watu wanaotafutwa. Ile "notisi nyekundu" inayotangazwa kwenye taarifa za habari ni ombi tu la kumtafuta mtu na kumshikilia kwa muda. Kila nchi inaamua yenyewe itaipa uzito gani kisheria. Katiba ya Interpol, ibara ya 3, inaikataza kujiingiza kwenye mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au ya rangi. Ikumbuke ibara hiyo.

Fedha ina njia yake. Baraza la Usalama lilianzisha orodha ya vikwazo kwa azimio namba 1267 la mwaka 1999, kwanza dhidi ya Taliban, kisha al-Qaida, na baadaye kundi linalojiita Dola la Kiislamu. Jina likiingia, mali zako duniani kote zinafungiwa na huruhusiwi kusafiri. Nenda nayo orodha hiyo mpaka Mwaloni, Kirumba, kwenye soko la dagaa na samaki wakavu ambako wanunuzi wa Kongo, Rwanda na Burundi wanajaza malori. Mfanyabiashara anasubiri malipo kutoka nje. Kabla fedha hazijaingia, mfumo wa benki unalinganisha jina lake na orodha. Kama anaitwa Abdallah Ali au Mohamed Hassan, ana bahati mbaya: majina yenye asili ya Kiarabu yakiandikwa kwa herufi zetu yana tahajia nyingi, na mfumo umepangwa kushtuka hata kwa linalokaribiana. Malipo yanasimama. Ataambiwa alete leseni ya biashara, ankara ya mzigo, nakala ya kitambulisho. Kinachomtoa mara nyingi ni tarehe ya kuzaliwa, kwa sababu ndiyo inayomtofautisha na yule wa kwenye orodha. Wakati huo dereva wa lori anadai pesa yake ya kusubiri.

Juu ya benki hiyo kuna FATF, chombo kilichoanzishwa mwaka 1989 kupambana na utakatishaji wa fedha, kikaongezewa ufadhili wa ugaidi Oktoba 2001. Tawi lake la ukanda wetu, ESAAMLG, lina makao Dar es Salaam. FATF haina jeshi wala mahakama. Silaha yake ni kukuaibisha mbele ya mabenki. Nchi yenye mapungufu inawekwa kwenye orodha ya kijivu, na benki za nje zinaanza kuuliza maswali mara mbili kwa kila muamala unaotoka huko. Uganda iliingia Februari 2020 ikatoka Februari 2024, mwezi uleule Kenya ilipoingia. Tanzania iliingia Oktoba 2022 na kutolewa Juni 2025. Ukipiga hesabu hizo utaona kwamba kwa miaka hiyo yote biashara ya kuzunguka ziwa hili haikupata hata mwezi mmoja ambao nchi zote tatu ziko nje ya orodha.

Je, inasaidia? Kiasi. Bomu halihitaji fedha nyingi, na mwenye akili hapitishi zake benki. Naona faida kubwa iko nyuma ya tukio: muamala ni ushahidi usiosahau, tofauti na shahidi. Hasara nayo ipo. Aprili 2015, baada ya al-Shabaab, kundi la kigaidi la Somalia, kuua watu 148 Chuo Kikuu cha Garissa, Kenya ilifunga kampuni 13 za kutuma fedha zilizokuwa zikitumiwa na Wasomali, ikazifungulia miezi michache baadaye. Katikati hapo, familia zilizotegemea pesa ya ndugu kula zilibaki zinashangaa.

Na aliyeingizwa kwenye orodha kimakosa analalamika wapi? Kwa miaka mingi, hakuna. Yassin Kadi, mfanyabiashara wa Saudi Arabia, alifungiwa mali mwaka 2001 bila kuonyeshwa ushahidi. Mwaka 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikasema haki yake ya kusikilizwa imevunjwa, hata kama amri imetoka Umoja wa Mataifa. Mwaka uliofuata Baraza la Usalama likaunda ofisi ya msuluhishi wa kupokea malalamiko ya namna hiyo. Kadi aliondolewa kwenye orodha 2012.

Namna tatu za kumpata mtuhumiwa

Ukitaka kupima ushirikiano wa serikali, usiangalie mikutano. Angalia mtu mmoja anavyotolewa nchi A kwenda nchi B. Zipo kesi tatu, zote zenye mkono wa Tanzania, na kila moja ilikwenda njia yake.

Ya kwanza ni ya Jamil Mukulu, kiongozi wa ADF, kundi la waasi wa Uganda lililojichimbia mashariki mwa Kongo. Alikamatwa Tanzania Aprili 2015 akitumia jina jingine. Uganda ikaomba akabidhiwe, na mambo yakapelekwa Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam. Hakimu akasikiliza pande zote, pamoja na swali la msingi kabisa: huyu ndiye kweli mnayemtaka? Julai 2015 akapelekwa Uganda kwa amri ya mahakama. Ilichukua miezi mitatu hivi, na hakuna aliyeweza kusema ametoroshwa.

Ya pili ni ya Khalfan Khamis Mohamed, Mzanzibari aliyeshiriki kwenye bomu la Dar es Salaam. Alikimbilia Cape Town, akaomba hifadhi kwa jina lisilo lake, akawa anafanya kazi mgahawani. Oktoba 1999 maofisa wa uhamiaji wa Afrika Kusini walimkamata na ndani ya siku chache wakamkabidhi kwa FBI, shirika la upelelezi la Marekani, akapandishwa ndege hadi New York. Haraka na rahisi. Lakini Afrika Kusini ilishafuta adhabu ya kifo, na Marekani ilikuwa ikitaka auawe. Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikatamka kwamba serikali ilivunja sheria kumtoa bila kwanza kupata ahadi kwamba hatanyongwa, ikaagiza hukumu yake ipelekwe mahakama ya New York. Baraza la wazee wa mahakama kule halikukubaliana juu ya kifo, na Mohamed akafungwa maisha.

Ya tatu ndiyo inayofundisha zaidi. Ahmed Khalfan Ghailani, naye Mzanzibari, alikamatwa Pakistan Julai 2004. Hakupelekwa mahakamani. CIA, idara ya ujasusi ya Marekani, ilimficha kwenye magereza yake ya siri, kisha Septemba 2006 akapelekwa gereza la kijeshi la Guantanamo. Alifikishwa mahakama ya kiraia ya New York mwaka 2009 tu. Kesi ilipoanza 2010, waendesha mashtaka walikuwa na shahidi muhimu kutoka Tanzania ambaye angesema alimuuzia Ghailani vilipuzi. Jaji Lewis Kaplan akamzuia, kwa sababu jina la shahidi huyo lilipatikana wakati Ghailani akihojiwa kwa nguvu gerezani kwa siri. Kati ya mashtaka 285, alikutwa na hatia kwenye moja tu. Moja hilo lilitosha kumpa kifungo cha maisha, lakini familia za waliokufa hazikupata kusikia mahakama ikimtia hatiani kwa kifo cha hata mtu mmoja.

Wanaodai kwamba haki za mtuhumiwa ni kikwazo kwa vita dhidi ya ugaidi wanapaswa kuisoma kesi hiyo taratibu. Kilichoharibu ushahidi ni mateso, na aliyevuruga kesi ni upande wa serikali wenyewe.

Taarifa za kijasusi nazo zina tabia hiyohiyo. Agosti 1997, mwaka mzima kabla ya mabomu, polisi wa Kenya na FBI walipekua nyumba ya el-Hage Nairobi na kuchukua kompyuta yake. Ndani mlikuwa na barua ya Harun akieleza wasiwasi wa usalama wa wenzake wa Afrika Mashariki. El-Hage akarudi Marekani, mtandao ukaendelea. Kuwa na taarifa na kujua taarifa hiyo ina maana gani ni mambo mawili. Tena idara za usalama zina desturi kwamba ukipewa taarifa na nchi rafiki huruhusiwi kuipeleka kwa wa tatu bila ruhusa ya aliyekupa, kwa kuogopa kufichua chanzo. Desturi hiyo inaeleweka. Lakini ndiyo inayofanya taarifa iliyotoka ng'ambo ikafika makao makuu na isimfikie ofisa wa uhamiaji wa mpakani Mutukula au Sirari, ambaye ndiye atakayeigonga pasipoti muhuri.

Sheria ikilegea

Sasa turudi kwenye ile nafasi iliyojazwa na kila bunge. Julai 21, 2021, usiku, Freeman Mbowe, mwenyekiti wa Chadema wakati huo, alikamatwa hotelini hapahapa Mwanza alikokuja kwa kongamano la Katiba Mpya. Akashtakiwa kwa makosa ya ugaidi, ambayo hayana dhamana, na akakaa mahabusu hadi Machi 4, 2022, siku Mkurugenzi wa Mashtaka alipoiondoa kesi mahakamani. Mwezi mmoja kabla ya kukamatwa kwake, Juni 2021, masheikh wa jumuiya ya kidini ya Uamsho ya Zanzibar walikuwa wameachiwa baada ya takriban miaka minane mahabusu kwa mashtaka ya ugaidi, nayo yakaondolewa. Kesi hizo hazikufika mahali pa mahakama kusema kama mashtaka yana ukweli.

Naziweka hapa kwa sababu zina uhusiano na ushirikiano wa kimataifa kuliko zinavyoonekana. Serikali inapoomba nchi nyingine imkabidhi mtu kwa ugaidi, hakimu wa huko anauliza kama kosa ni la kisiasa. Interpol nayo inauliza, kwa ile ibara ya 3. Nchi yenye kumbukumbu ya kesi za ugaidi zinazofutwa baada ya miaka itapewa masharti zaidi siku itakapokuja na ombi la kweli, kama lile la Mukulu.

Kuhusu majeshi sitakaa sana, maana ndiyo habari inayoandikwa kila siku. Uganda na Burundi zilipeleka askari Somalia tangu 2007, na al-Shabaab wakajibu Julai 11, 2010 kwa kulipua watu zaidi ya 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia Kampala. Baada ya wapiganaji wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, kuvuka mto Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya, Mtwara, Oktoba 2020, Tanzania ilishiriki kikosi cha SADC kilichokwenda Msumbiji 2021 na kuondoka 2024. Rwanda ilikwenda kwa makubaliano yake yenyewe. Majeshi yanarudisha miji. Hayajaonyesha popote kwamba yanaweza kuzuia kijana wa kesho kujiunga.

Na huyo kijana anajiunga kwa nini? UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilifanya utafiti barani Afrika, ukatoka 2017, kwa kuwahoji waliokuwa wanachama wa makundi haya. Asilimia 71 ya waliojiunga kwa hiari walisema kilichowasukuma mwishoni ni kitendo cha serikali, kama vile kuuawa au kukamatwa kwa ndugu au rafiki. Umaskini, ukosefu wa ajira na mahubiri vilikuwapo, lakini msumari wa mwisho ulipigwa na mtu mwenye sare. Mkakati wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 2006 una nguzo nne, na mbili kati yake zinagusa hapo: kushughulikia mazingira yanayozalisha ugaidi, na kulinda haki za binadamu. Ndizo zinazopata maneno mengi, huku bajeti ikienda kwenye vifaa vya mipakani na mafunzo ya vikosi.

Kwenye mialo yetu, wa kwanza kujua kwamba kuna mgeni amefika kambini bila kazi inayoeleweka ni mwenyekiti wa BMU, kikundi cha usimamizi wa mwalo, na mama anayeuza chai alfajiri mitumbwi ikirudi. Ziwa lina nchi tatu na maelfu ya mitumbwi, na hakuna boti za doria za kutosha kulizunguka. Kama mama huyo anaamini kwamba akienda kituoni atasikilizwa, jina lake litafichwa na yule mgeni atahojiwa kwa utaratibu, ataenda. Kama mwaka jana mwanawe alizolewa kwenye msako akalala ndani bila kuambiwa kosa, atamimina chai na kumwachia mgeni apite.